Klaus Kinski: ule ukali ulikuwa ufundi au ugonjwa?

Swali la msomaji: Nimetazama *Aguirre* kwenye simu, toleo la Kijerumani. Rafiki yangu anasema yule mwigizaji, Klaus Kinski, alikuwa kichaa kweli, na kwamba mwongozaji alimwelekezea bunduki ndipo akaigiza. Mimi najifunza kuigiza jukwaani na ningependa kuanza mbele ya kamera. Je, ule ukali ni ufundi au ugonjwa? Amecheza filamu nyingi mno, nianzie wapi? Na aliwahi kufika Afrika?

Jibu: Nianze na bunduki, maana ndiyo inayopotosha mengine yote. Werner Herzog, mwongozaji wa filamu hiyo, hakuongoza *Aguirre* akiwa ameshika bunduki nyuma ya kamera, na mwenyewe amelikanusha hilo mara nyingi. Anavyosimulia, Kinski alifungasha mizigo aondoke kazi ikiwa inakaribia kwisha kule Peru. Herzog akamwambia kwamba bunduki anayo, na kabla boti haijafika kona ya mto Kinski atakuwa na risasi nane kichwani. Ya tisa Herzog angejipiga mwenyewe. Kinski akabaki. Aliyefyatua risasi kweli alikuwa Kinski. Usiku mmoja alikerwa na kelele za waigizaji wa ziada waliokuwa wakicheza karata, akapiga risasi tatu kwenye kibanda chao, na mmoja wao akapoteza ncha ya kidole. Haya pia yametoka kwa Herzog, ambaye hapendi chakula kisicho na chumvi, kwa hiyo yapokee kwa kiasi.

Sasa swali lako lenyewe. Hasira zilikuwa za kweli, na watu waliofanya naye kazi waliumia. Lakini unachokiona kwenye *Aguirre* ni ufundi, na ushahidi uko ndani ya filamu yenyewe: itazame tena uhesabu ni mara ngapi Aguirre anapiga kelele. Ni chache kuliko unavyokumbuka. Muda mwingi anasema kwa sauti ya chini, au hasemi kabisa, anasimama pembeni ya kundi akiwa amegeuza uso nusu. Kinski alitaka kumcheza Aguirre kama mtu anayefoka na kurukaruka. Herzog alitaka tishio la kimya. Njia aliyoitumia mwongozaji ni ya kikatili kidogo ila inaeleweka: alimwacha Kinski ahamaki kabla ya kazi, wakati mwingine akimchokoza makusudi, afoke hata saa nzima na zaidi mpaka mori ushuke. Ndipo kamera ikawashwa. Kinachobaki usoni ni uchovu wa mtu aliyekwisha kuwaka, na huo uchovu kwenye skrini unasomeka kama hatari.

Kwako wewe mwanafunzi, usichukue hapo somo la kugombana na watu. Chukua kwamba nguvu inayoonekana ni ile iliyozuiwa. Jukwaani sauti lazima ifike safu ya mwisho. Kwenye picha ya karibu, nyusi ikipanda nusu sentimita ni tukio kamili. Kinski alilijua hilo kabla ya kufanya kazi na Herzog, maana alikuwa amekwisha kufanya kazi mbele ya kamera kwa zaidi ya miaka 20.

Halafu angalia mwili. Aguirre hatembei wima. Anaegemea upande mmoja, anachechemea kidogo, anasogea kama kaa. Hakuna anayeeleza kwa nini, na filamu haikupi historia ya jeraha lolote. Ila kila mara anaposimama karibu na mtu mwingine, huyo mwingine anaonekana amesimama vibaya. Uamuzi wa namna hiyo ukishaufanya unapaswa kuulinda katika kila picha, hata zile unazoonekana kwa mbali, na hapo ndipo waigizaji wengi wachanga huanguka: ulemavu wa dakika ya tano hauonekani tena dakika ya arobaini.

Kuna kitu kimoja cha kiufundi ambacho Herzog anakieleza waziwazi katika *Mein liebster Feind*, filamu yake ya mwaka 1999 kuhusu Kinski. Anakiita msokoto wa Kinski. Tatizo ni hili: mwigizaji akiingia kwenye fremu kwa kutokea pembeni, kwanza tunaona ubavu wa uso, kisha anageuka kutazama mbele, na mvuto umekwisha kabla hajafika. Kinski alitokea nyuma ya kamera yenyewe. Tuseme anaingia kutoka kushoto. Anasimama ubavuni mwa kamera, mguu wa kushoto ukiwa karibu kabisa na stendi. Mguu wa kulia anaupitisha mbele ya mguu wa stendi, kidole gumba kikielekea ndani, kiasi kwamba mwili umejisokota. Kisha anauachia: mwili wote unajifungua kuelekea lenzi, na mtu anatokea mbele ya mtazamaji bila mlango wala onyo.

Ukitaka kulijaribu, simu na stendi ya bei nafuu vinatosha. Tumia lenzi pana, kwa sababu utakuwa karibu sana. Kosa la kwanza utakalofanya ni kugusa stendi na kutikisa picha. Weka alama ya mguu chini kwa chokaa au utepe. Kosa la pili ni kutanguliza kichwa. Kichwa kikigeuka kwanza, mabega yakafuata, utaonekana umeitwa na mtu. Nyonga ndiyo ianze, kichwa kije mwisho. La tatu ni kutazama ndani ya lenzi. Tazama pembeni yake kidogo, isipokuwa kama mwongozaji amekuagiza vingine. Na usilitumie zaidi ya mara moja katika filamu fupi. Lina nguvu pale tu mtazamaji anapokuwa hajalizoea.

Kabla ya kuendelea, tahadhari kuhusu hilo toleo la Kijerumani ulilotazama. Sauti unayoisikia si ya Kinski. *Aguirre* ilipigwa kwa Kiingereza, kwa kuwa waigizaji walitoka nchi mbalimbali, na sauti za Kijerumani zikaingizwa baadaye. Kinski aliomba pesa nyingi mno kwa kazi hiyo, nayo akapewa mwigizaji mwingine. Aliyekulia kwenye vibanda vya video, sinema ikisimuliwa na DJ juu ya sauti ya asili, hatashangaa. Lakini ukitaka kusoma kazi ya mwigizaji, sauti ni nusu ya kazi. Hali ni hiyo hiyo kwenye filamu zake za makauboi za Italia, ambako karibu kila mtu aliingiziwa sauti. Ukitaka kumsikia Kinski mwenyewe, tafuta *Nosferatu* na *Woyzeck* kwa Kijerumani, au rekodi zake za mashairi.

Hizo rekodi ndizo zilizomjenga. Maisha yake nayapitia haraka. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1926 mjini Zoppot, wakati huo sehemu ya Mji Huru wa Danzig, leo Sopot nchini Poland. Jina la ukoo lilikuwa Nakszynski. Baba alikuwa mfamasia. Familia ilihamia Berlin mwaka 1931. Vitani aliingizwa jeshini akiwa kijana, akakamatwa na Waingereza huko Uholanzi, akapelekwa kambi ya wafungwa karibu na Colchester. Humo kambini ndimo alimoanza kuigiza, mara nyingi nafasi za kike, kwani wanawake hawakuwamo. Aliporudi Ujerumani mwaka 1946 alijaribu majumba ya maonyesho ya Berlin, akapata kazi Schlosspark-Theater, akafukuzwa. Ikawa hivyo tena na tena: anapata nafasi, anang'ara, anagombana, anatoka. Hakuna chuo cha uigizaji katika habari zake.

Alichofanya badala ya chuo ni kusimama peke yake jukwaani na kukariri. Miaka ya 1950 alijaza kumbi kwa mashairi ya Villon na Rimbaud, washairi wa Kifaransa, bila mapambo, saa nzima na zaidi, na baadaye akayarekodi kwenye santuri. Mtu aliyeweza kushika ukumbi kwa namna hiyo hahitaji sana mwenzake wa kumjibu, na hilo linaonekana katika filamu zake hadi mwisho: katika mazungumzo mara nyingi Kinski hamsikilizi mwigizaji mwenzake. Wengine huona ni upekee. Mimi naona ni pengo, na ndiyo sababu hafai kuwa mwalimu wako wa pekee.

Kilele cha ukariri huo, au shimo lake, ni tarehe 20 Novemba 1971 katika ukumbi wa Deutschlandhalle mjini Berlin. Kinski alisimama mbele ya maelfu ya watu kukariri maandishi yake mwenyewe juu ya Yesu. Wasikilizaji wakaanza kumkatiza, naye akawatukana, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Usiku ulipokuwa umekwenda sana, wachache waliobaki walisogea karibu, naye akawakariria yote toka mwanzo kwa sauti ya chini. Mwaka 2008 Peter Geyer aliunganisha picha za usiku huo kuwa filamu iitwayo *Jesus Christus Erlöser*. Itazame mpaka mwisho kabisa, hata majina yakishaanza kupita, maana hapo ndipo utakapoona tofauti kati ya kufoka na kuigiza ikifanywa na mtu mmoja katika usiku mmoja.

Sasa pa kuanzia. Amecheza katika filamu zaidi ya 130, na nyingi ni takataka. Alikiri bila aibu kwamba alichagua kazi kwa malipo na kwa muda mfupi atakaotakiwa kukaa. Watayarishaji wa Italia, Ujerumani na Hispania walimlipa kwa siku chache, wakapiga picha zake zote mfululizo, kisha wakaweka jina lake kubwa kwenye bango. Namna ya kuzitambua kabla hujapoteza dakika 90: Kinski yuko kwenye bango lakini ndani ya filamu yuko chumba kimoja tu, mara nyingi amekaa, na wahusika wakuu hawako naye katika fremu moja. Ukiona hivyo katika dakika 20 za mwanzo, funga.

Anza na nafasi ndogo iliyofanywa vizuri. Katika filamu ya pili ya Sergio Leone ya makauboi na Clint Eastwood, ya mwaka 1965, Kinski ni jambazi mwenye kibyongo. Lee Van Cleef anawasha kiberiti kwa kukikwaruza kwenye kibyongo hicho. Tazama uso wa Kinski tu, wasahau wengine: misuli ya shavu inacheza huku mwili wote umekatazwa kusogea, kwa kuwa bosi wake hataki vurugu wakati huo. Ni sekunde chache, lakini kazi yake yote ya baadaye imo humo. Mwaka huo huo alikuwa mfungwa mwenye minyororo ndani ya treni katika *Doctor Zhivago* ya David Lean, napo dakika zake chache hazisahauliki.

Kisha nenda *Il grande silenzio* ya Sergio Corbucci, 1968, iliyopigwa kwenye theluji ya milima ya Dolomites. Kinski ni mwindaji wa vichwa anayeua kwa malipo, mpole, mwenye adabu, aliyejifunika mtandio kama bibi. Sitakuambia inavyoisha. Ninachosema ni kwamba hakuna filamu inayoonyesha vizuri zaidi alivyoweza kutisha kwa kutabasamu.

Baada ya hapo ndipo uingie kwa Herzog, ambako kuna filamu tano: *Aguirre* (1972), *Nosferatu* na *Woyzeck* (zote 1979), *Fitzcarraldo* (1982) na *Cobra Verde* (1987). Wawili hao walijuana zamani. Herzog akiwa na miaka 13, Kinski aliishi kwa miezi kadhaa katika nyumba ya kupanga mjini München ambamo familia ya Herzog ilikuwa na chumba, na Herzog husimulia alivyojifungia bafuni akavunjavunja kila kilichomo.

*Nosferatu* na *Woyzeck* zitazame usiku mbili zinazofuatana, kwa sababu zilifanywa hivyo. Kwa *Nosferatu* Kinski alikaa kwenye kiti takriban saa nne kila siku akipakwa na Reiko Kruk: kichwa kimenyolewa, masikio ya mpira, kucha, meno ya mbele kama ya panya. Yule mtu asiyevumilia kusubiri dakika tano alivumilia hilo. Waigizaji hao hao walicheza kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, chukua Kijerumani. Sikiliza pumzi. Vampiri huyu anavuta hewa kana kwamba ni mzigo, na maneno yanakuja pumzi ikiwa imekaribia kwisha. Siku tano baada ya kumaliza, timu hiyo hiyo ikaanza *Woyzeck* katika mji wa Telč, Chekoslovakia ya wakati huo, ikaimaliza kwa siku 18. Uhariri ulichukua siku nne tu, na sababu ni rahisi: picha ni ndefu na mikato ni michache, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kukata. Kinski aliingia humo akiwa bado amechoka na vampiri, na uchovu huo ndio askari Woyzeck aliouhitaji. Eva Mattes, aliyecheza Marie, alipata tuzo katika tamasha la filamu la Cannes. Pamoja naye Kinski anasikiliza, jambo la nadra.

*Fitzcarraldo* haikuwa yake. Jason Robards alikuwa amekwisha kupiga karibu nusu ya filamu alipougua kuhara damu na madaktari wakamkataza kurudi msituni; Mick Jagger naye akaondoka kwenda ziara ya muziki. Kinski akaitwa, kila kitu kikaanza upya. Meli ya tani 320 ikavutwa kweli juu ya kilima kati ya mito miwili. Ila kwa mwanafunzi wa uigizaji cha kuangalia si meli. Hapa Kinski anacheza mtu mwema, mwenye ndoto ya kujenga jumba la opera katika mji wa Iquitos, Peru, na mbele ya Claudia Cardinale anakuwa mchangamfu kama mtoto wa shule. Ukiwa na nafasi, tazama pia *Burden of Dreams* ya Les Blank, iliyopigwa wakati huo huo, uone hali halisi ya kambi. Herzog anasimulia kwamba wenyeji waliokuwa wakifanya kazi nao walimwendea wakajitolea kumuua Kinski. Akawakatalia, kwa kuwa filamu ilikuwa haijaisha.

Afrika alifika. Sehemu kubwa ya *Cobra Verde* ilipigwa Ghana, ikiwemo ngome ya Elmina, na inahusu mfanyabiashara wa watumwa kutoka Brazil anayepelekwa Dahomey, ufalme wa zamani wa Afrika Magharibi. Mfalme wa Dahomey amechezwa na chifu halisi, Nana Agyefi Kwame II wa Nsein, na mamia ya wanawake walifunzwa kuwa jeshi. Kinski alimfokea mpigapicha Thomas Mauch, yule yule wa *Aguirre*, kiasi kwamba Mauch aliacha kazi na Viktor Růžička akachukua nafasi yake. Herzog hakufanya naye kazi tena. Kusema kweli, Kinski humo anapitwa na wanaomzunguka: chifu akiingia, macho yanamfuata chifu.

Afrika Mashariki inaingia kwa njia nyingine. Mwaka 1977 Menahem Golan alitengeneza filamu kuhusu uokoaji wa mateka wa Entebbe wa Julai 1976, na Kinski akacheza Wilfried Böse, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa watekaji. Ilipigwa Israeli, basi usitafute Uganda yenyewe humo. Lakini ni moja ya kazi zake zilizotulia zaidi, Mjerumani anayeona aibu ya kile anachokifanya kwa Wayahudi, na watu huisahau wanapomtaja.

Kuhusu ugonjwa: mwaka 1950 alilazwa siku tatu katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Berlin. Kumbukumbu zilifunguliwa mwaka 2008. Zinataja kwanza skizofrenia kama dhana ya awali, kisha neno la jumla lililotumika zama zile kwa mtu mwenye tabia isiyodhibitika. Siku tatu za mwaka 1950 hazimpi mtu yeyote haki ya kumpima leo, na zaidi ya hapo nadhani neno "kichaa" linamrahisishia mambo. Alijua lini kamera inawaka.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Mwaka 2013 binti yake mkubwa, Pola Kinski, alitoa kitabu *Kindermund*, akieleza kwamba baba yake alimnajisi tangu akiwa na miaka 5 mpaka 19. Dada yake wa baba mmoja, mwigizaji Nastassja Kinski, alimuunga mkono hadharani. Baba alikuwa amefariki tangu tarehe 23 Novemba 1991, nyumbani kwake Lagunitas, California, kwa moyo. Mimi namwamini Pola. Sikuelekezi uzifiche filamu, ila ukikutana na makala zinazosifu hasira zake kama alama ya kipaji, kumbuka kwamba waliolipia hasira hizo wana majina.

Kwa hiyo wasifu wake mwenyewe, uliotoka kwa Kijerumani mwaka 1975 na baadaye kwa Kiingereza katika matoleo mawili yanayotofautiana, usiuanze sasa. Umejaa ufukara wa utotoni ambao ndugu zake waliukana, umejaa majisifu ya kitandani, na matusi dhidi ya Herzog ambayo Herzog anasema waliyatunga pamoja, wakipekua kamusi kutafuta maneno makali zaidi, kwa kuwa walijua kitabu cha sifa hakiuzwi. *Paganini* ya 1989, filamu pekee aliyoiongoza mwenyewe, nayo iache mwisho: Herzog alikuwa ameombwa kuiongoza akasema haiwezekani kutengenezeka, na ukiitazama utaona hakuwa mbali na ukweli. Yule yule aliyezuiwa vizuri mbele ya kamera za wengine hakuwa na mtu wa kumzuia.